Dawa mfukoni, hesabu kichwani: kuishi na ugonjwa sugu katika mpaka wa Rusizi

MWAKA mmoja una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki kila mwezi na kupata dakika 15 za kuzungumza na muuguzi, huwa amekaa na mtaalamu saa 3 tu kwa mwaka mzima. Saa 8,757 zilizobaki ni zake mwenyewe. Yeye ndiye anayeamua ale nini, ameze dawa wakati gani, apumzike au aendelee kutembea, na akijisikia vibaya, avumilie au akimbilie hospitali.

Kwa mfanyabiashara wa Rusizi, sehemu kubwa ya saa hizo hupita njiani. Ataamka Kamembe au Bugarama kabla ya jua kuchomoza, apange nyanya, unga au kuku wake, ateremke hadi mpakani, avuke kwenda Bukavu au Kamanyola, auze, anunue, kisha arejee jioni. Mwenzake wa upande wa Kongo hufanya safari hiyo hiyo kwa kuigeuza. Miongoni mwao wamo wenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa na wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Magonjwa haya yanatofautiana kwa mengi, lakini yanafanana kwa moja: hayaishi kwa dozi ya siku tatu. Malaria huja, hutibiwa, huondoka. Presha na kisukari vikija huweka makazi. Daktari anaweza kuandika dawa sahihi, ila hawezi kusafiri na mgonjwa kila alfajiri. Kwa hiyo mgonjwa hana budi kujifunza kazi mpya, kazi ya kuusimamia ugonjwa wake, kama alivyojifunza zamani kupima mzigo, kubadili fedha na kujua siku gani bidhaa gani inatoka.

Habari njema ni kwamba kazi hiyo inafundishika. Na mara nyingi mwalimu bora si mwenye koti jeupe bali mgonjwa mwenzako aliyetangulia.

RATIBA YA MPAKA NA RATIBA YA DAWA

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa wanaotumia dawa kwa muda mrefu. Ilisema kwamba hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa magonjwa sugu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Hao ni watu wenye hospitali jirani, bima na friji nyumbani. Tusishangae basi kwamba mtu anayeishi kwa kuvuka mpaka hukutana na vikwazo. La maana ni kuvijua vikwazo vyenyewe, maana vingi havina uhusiano wowote na uzembe.

Chukua mfano wa dawa ya presha inayofanya mtu apate mkojo mara kwa mara, ile ambayo wengi huiita dawa ya maji. Mama anayekaa sokoni Bukavu tangu asubuhi hana mtu wa kumwachia bidhaa kila nusu saa. Msafiri wa basi la Kamembe hadi Kigali hupita msitu wa Nyungwe, na dereva hasimami kila anapoombwa. Wote wawili watafanya jambo moja: siku ya safari hawamezi. Safari zikiwa nne kwa wiki, dawa imeachwa siku nne kwa wiki, na presha inapanda kimyakimya huku mhusika akiamini yuko kwenye matibabu.

Dawa ya jambo hilo ni mazungumzo. Muuguzi akiambiwa ukweli, anaweza kubadilisha saa ya kumeza, au daktari akabadilisha aina ya dawa kabisa. Lakini muuguzi hawezi kukisia. Ni mgonjwa anayepaswa kusema: “Mimi naondoka nyumbani saa 11 alfajiri, nakula saa 8 mchana, choo kiko mbali.” Maneno hayo machache yana faida kuliko kuitikia “ndiyo” kwa kila kitu.

Mfano wa pili ni wa kisukari. Wapo wanaotumia glibenklamidi, dawa inayoushurutisha mwili kutoa insulini zaidi. Dawa hiyo humezwa pamoja na chakula. Mfanyabiashara akiimeza alfajiri bila kula, akabeba mzigo na kupanda milima ya Bukavu, sukari yake inaweza kushuka kabla hajafika sokoni. Kwa mtu huyu, kifungua kinywa si anasa. Ni sehemu ya dozi. Asiyeweza kula mapema amweleze daktari, wala asiimeze “ili mradi nimemeza”.

KAMPALA, TETE NA KINSHASA

Kujifunza huku kuna historia, na sehemu yake nzito imeandikwa katika ukanda wetu.

Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, mvulana mwenye umri wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kisukari wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla ya hapo watoto wa aina yake walikufa ndani ya muda mfupi. Baada ya hapo waliishi, ila kwa kuchomwa sindano maisha yao yote. Hakuna hospitali ingeweza kumlaza mtu miaka 40 kwa ajili ya sindano. Madaktari kama Elliott Joslin wa Boston, Marekani, waliona kwamba njia ni moja: mgonjwa na familia yake wafundishwe kupima, kuhesabu chakula na kujichoma wenyewe.

Kwetu, somo kubwa lilikuja na Ukimwi. Mwaka 1986 Mganda mmoja, Christopher Kaleeba, aliugua akiwa masomoni Uingereza. Alifariki Januari 1987. Mkewe Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fisioterapia katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameonja woga na unyanyapaa uliokuwa ukizizunguka familia za wagonjwa. Mwaka huohuo, yeye na wenzake, baadhi yao wakiwa wenyewe na virusi, walianzisha shirika la TASO. Dawa za kufubaza virusi hazikuwepo bado. Walichokuwa nacho ni maarifa ya kugawana: namna ya kula, namna ya kutibu mapema maradhi madogo yanayonyemelea, namna ya kuwaambia watoto, namna ya kupanga kesho. Walionyesha kwamba mgonjwa si mtu wa kusubiri kufa au kuponywa; ni mtu mwenye la kufanya leo.

Dawa zilipofika, likaja tatizo la foleni na umbali. Katika mkoa wa Tete, Msumbiji, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianzisha mwaka 2008 vikundi vya hadi watu sita wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Kila mwezi mmoja wao huenda kituoni kwa niaba ya wote: anapimwa yeye, anaeleza hali za wenzake, anarudi na dawa za kikundi kizima. Mwezi unaofuata ni zamu ya mwingine. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilihusu wanachama 1,384. Zaidi ya asilimia 97 yao walikuwa bado kwenye matibabu. Nauli ya watu sita ikawa nauli ya mtu mmoja, na aliyekata tamaa akawa na watu watano wa kumuuliza kulikoni.

Nchini Kongo, shirika hilohilo na mtandao wa kitaifa wa watu wanaoishi na virusi walifungua Kinshasa, kuanzia mwaka 2010, vituo vya kugawia dawa mitaani. Wanaohudumia humo ni watu wanaoishi na virusi wenyewe, waliopewa mafunzo. Mgonjwa aliye imara huchukua dawa za miezi mitatu kwa mara moja, bila kupoteza siku nzima hospitali. Rwanda nayo, ilipoanza Julai 2016 kumpa dawa kila anayekutwa na virusi bila kusubiri kinga yake ishuke, iliwapunguzia wagonjwa walio imara idadi ya safari za kituoni.

Maana ya historia hii kwa mwenye presha au kisukari ni nyepesi kuielewa. Mtu akiaminiwa, akafundishwa, akapewa dawa za kutosha na wenzake wa kushauriana nao, anaweza. Ukimwi ulitufundisha hivyo kwa gharama kubwa. Isiwe lazima kulipa gharama hiyo mara ya pili kwa ugonjwa wa sukari.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali. Mfanyabiashara anayeandika kila deni la unga anaweza pia kuandika mambo manne: tarehe, kipimo, dawa aliyomeza, na jambo lisilo la kawaida. Daftari la kurasa 32 linatosha mwaka mzima. Muuguzi akiona kwamba presha hupanda kila Jumatatu, atauliza Jumapili huwa kuna nini. Bila maandishi, yeye ataona namba ya siku ile tu.

Kwa presha, namba ya kukumbuka ni 140 juu na 90 chini. Kipimo kikifika au kuzidi hapo mara kwa mara, mtu akiwa ametulia, ndipo huambiwa ana shinikizo la damu. Aliyeteremka mlima na gunia kichwani akae kwanza dakika tano kabla ya kupimwa. Na asitegemee kichwa kuuma ndipo ajue. Mwaka 2021 WHO ilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 duniani wana presha, na asilimia 46 kati yao hawajui kabisa. Ugonjwa huu hukaa mwilini bila kubisha hodi hadi siku ya kiharusi.

Kwa kisukari kuna mtego ambao wavuka mpaka ndio hasa wanaokutana nao. Rwanda na Kongo, mashine nyingi husoma sukari kwa miligramu kwa desilita. Uganda, Kenya na Tanzania, nyingi husoma kwa milimoli kwa lita. Sukari ileile ambayo Kamembe inasomeka 126, Kampala itasomeka 7. Mtu aliyezoea mamia anaweza kudhani 7 ni kifo, na aliyezoea 7 akiona 126 anaweza kuzimia kwa hofu. Hesabu yake ni ya kawaida ya sokoni: zidisha milimoli kwa 18 upate miligramu, au gawanya miligramu kwa 18 upate milimoli. Kwa hiyo 70 ni karibu sawa na 3.9, na 180 ni sawa na 10. Andika kando ya kila kipimo ni kwa kizio gani.

Mtego wa pili ni majina ya dawa. Kila kiwanda huipa dawa yake jina la biashara na rangi ya boksi. Anayejua tu “vidonge vyangu vya boksi la bluu” akifika duka la dawa upande wa pili atapewa boksi la bluu, lakini huenda ndani yake mna kitu kingine. Ajifunze jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, pamoja na miligramu zake. Jina hilo halibadiliki sana kati ya Kifaransa na Kiingereza: Bukavu ataona “metformine”, kwingine ataona “metformin”, ni dawa moja. Njia ya mkato ni kubeba boksi tupu au kulipiga picha kwa simu.

Na kwa chakula, hakuna chakula maalumu cha wagonjwa kinachouzwa ghali kinachohitajika. Ni sahani ileile, ila imepangwa: nusu iwe mboga kama lengalenga, robo iwe ugali, wali au viazi, robo iwe maharagwe au sambaza. Kinachodhuru mara nyingi ni kile kisichohesabiwa: chai ya vijiko vinne vya sukari, soda ya kusukumia mandazi, na chumvi ya samaki wakavu ikijumlishwa na ya kwenye mchuzi. WHO inashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku hiyo.

MWILI UNAPOTOA ISHARA

Kazi ya pili ya kujifunza ni kutambua ishara. Sukari ikishuka chini ya 70, mtu huanza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kusikia njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kisha kuchanganyikiwa. Katika msongamano wa mpakani, anayeyumba na kujibu ovyo ni rahisi kudhaniwa amelewa. Muda unaopotea akihojiwa ndio muda wa kumwokoa.

Kwa hiyo mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari asitembee bila sukari mfukoni. Akisikia ishara, anywe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Akae dakika 15, apime tena kama ana mashine. Ikiwa bado chini, arudie. Ikipanda, ale chakula cha kawaida. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, maana kitaingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Inafaa pia kuwa na kikaratasi ndani ya kitambulisho. Kwa mpaka huu kiandikwe kwa lugha tatu: “Nina kisukari”, “Ndwaye diyabete”, “Je suis diabétique”, pamoja na namba ya simu ya ndugu. Yeyote atakayekiokota, askari, mbeba mizigo au muuza mihogo, ataelewa.

Ishara ya pili iko miguuni. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Msumari unaweza kuingia kwenye kandambili na mwenyewe asijue hadi usiku, au hadi kidonda kinuke. Anayetembea kilomita nyingi kwa siku akague nyayo zake kila jioni, pamoja na kati ya vidole, na akunguze viatu kabla ya kuvaa. Asiyeweza kuona vizuri aombe mtoto amwangalizie. Miguu mingi inayokatwa ilianza na mkwaruzo ambao ungeoshwa na kufungwa siku ile ile.

Ya tatu ni kiharusi. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukikosa nguvu, maneno yakikwama, huo si uchawi wala si wa kusubiri asubuhi. Ni hospitali, mara moja. Wilaya ya Rusizi ina hospitali za Gihundwe na Mibilizi. Upande wa Bukavu kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Panzi. Kila mvuka mpaka ajue mapema, akiwa mzima, ile iliyo karibu na njia anazopita.

INSULINI NA JOTO LA BUGARAMA

Kamembe iko juu ya ziwa Kivu, ambalo lenyewe liko takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni ya ubaridi wa wastani. Teremka hadi bonde la Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, takriban mita 950, na joto ni jingine kabisa. Mwenye insulini hujiuliza: bila friji, nifanyeje?

Jibu limepatikana katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi, likawa kati ya nyuzi 25 na 37. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika joto linalopanda na kushuka vivyo hivyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Hii ina maana kwamba chupa inayotumika inaweza kukaa nyumbani bila friji, mahali penye kivuli. Mtungi wa udongo uliolowanishwa, kama ule wa kupoozea maji ya kunywa, husaidia kupunguza joto zaidi.

Haina maana kwamba chupa iachwe juani, kwenye dirisha la gari au juu ya mzigo. Wala isigandishwe, insulini iliyoganda ni ya kutupa. Na kila anayenunua chupa nje ya kituo chake asome nguvu yake. Nyingi zina uniti 100 kwa mililita, lakini duniani zipo za uniti 40, na kila moja ina sindano yake. Kutumia chupa ya 100 na sindano ya 40 ni kujichoma dozi mara mbili na nusu ya inayotakiwa.

SIKU MPAKA UNAPOFUNGWA

Mfanyabiashara wa ukanda huu hahitaji kuambiwa kwamba mpaka unaweza kufungwa usiku mmoja. Machi 2020, kwa sababu ya Korona, Rwanda ilifunga mipaka yake isipokuwa kwa shehena na raia wanaorejea. Juni mwaka huo Rusizi ikawekewa vizuizi vyake yenyewe vya kutotoka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Februari 2025 Bukavu iliangukia mikononi mwa M23, na watu wengi waliyakimbia makazi yao.

Katika kila tukio la namna hiyo, bidhaa huoza na mtaji hupotea, na hayo huandikwa. Kisichoandikwa ni dawa zinazokatika. Aliyezoea kununua vidonge Bukavu kwa kuwa ni nafuu hujikuta Kamembe bila cheti cha daktari. Aliyeandikishwa kliniki Rusizi hujikuta amekwama kwa shemeji yake ng'ambo ya mto, na kadi yake ya mituweli, bima ya afya ya jamii inayosimamiwa na RSSB tangu 2015, haina nguvu huko.

Kanuni ya kujikinga inafanana na ya ghala: usisubiri rafu iwe tupu ndipo uagize. Mwenye ugonjwa sugu awe na akiba ya angalau wiki mbili juu ya dawa za mwezi, na atumie kwanza zile za zamani ili zisiharibike. Siku ya kuvuka abebe dawa za siku kadhaa zaidi ya safari yenyewe, ndani ya boksi lake, zikiwa pamoja na nakala ya cheti. Dawa zikaa mwilini au kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya gunia litakalopakiwa gari lingine. Na kliniki yake iwe moja, upande wowote auchague. Vituo viwili visivyojuana huandika dawa mbili zinazofanya kazi moja.

KIKUNDI CHA AKIBA KINAWEZA ZAIDI YA AKIBA

Rusizi wanakiita ikimina, Kongo likelemba, Kenya chama, Tanzania kikoba. Karibu kila mwanamke anayevuka mpaka yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa. Hapo tayari kuna vitu vilivyofanya Tete ifanikiwe: watu wanaoaminiana, siku maalumu ya kukutana, daftari, na fedha kidogo ya pamoja.

Kikundi cha watu 20 kikichanga kinaweza kununua mashine moja ya kupima presha, na kila siku ya mchango wanachama wakapimwa kabla ya fedha kuhesabiwa. Mshauri wa afya wa kijiji, anayejulikana Rwanda kama umujyanama w'ubuzima, anaweza kualikwa kuwaonyesha namna ya kufunga mkanda mkononi na kusoma namba. Walio na dawa moja wanaweza kukumbushana tarehe ya kliniki. Mfuko wa dharura wa kikundi unaweza kumkopesha aliyeishiwa vidonge katikati ya mwezi, kabla hajaanza kuvigawa nusu nusu.

Faida nyingine ni ya moyo. Mficha maradhi kilio humfichua. Wengi huficha dawa kwa kuogopa kwamba mteja akijua watamkimbia, au mkopeshaji atawaona hawana muda mrefu. Palipo na watatu wanaomeza dawa waziwazi, wa nne hupata ujasiri. Na palipo na aliyeishi miaka 15 na kisukari akiwa bado anasomesha watoto, yule muuzaji anayepita na chupa ya mitishamba ya “kumaliza kabisa” hana soko. Kisukari na presha hudhibitiwa; anayeahidi kukufuta kwenye orodha ya wagonjwa kwa chupa tatu anauza ahadi.

KUJISIMAMIA SI KUTELEKEZWA

Lipo onyo moja. Kumfundisha mgonjwa ajisimamie kusigeuke kuwa kisingizio cha kumwachia kila kitu. Hakuna elimu inayoshusha sukari kama rafu ya kituo ni tupu. Anayejua kupima hana la kupima kama vijiti vya mashine vinagharimu faida ya siku nzima. Na hakuna kikundi kinachoweza kuifanya kadi ya bima ya Rwanda isomeke Kongo.

Hayo ni ya serikali. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika kifungu cha 118, ulizitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya, pamoja na kuoanisha taratibu za kusajili dawa. Kongo ilijiunga rasmi mwaka 2022. Tumeshuhudia juhudi nyingi za kurahisisha upitaji wa unga na nyanya. Cheti cha dawa kinachotambulika pande zote za mto, chenye jina halisi la dawa na kizio cha kipimo, kingegharimu kidogo kuliko vituo vingi vya forodha, na kingeokoa watu ambao jumuiya yenyewe inaishi kwa jasho lao.

Hadi siku hiyo, kinachovuka mpaka bila kuzuiwa ni kile mgonjwa alichokijua. Wiki hii, kabla ya safari ijayo, anayehusika na afanye mambo matatu: aandike jina la kila dawa yake na miligramu zake, ahesabu vidonge vilivyobaki ni vya siku ngapi, na amwambie mtu mmoja anayevuka naye kwamba ana ugonjwa gani na afanyiwe nini akianguka.